Siku Baba Aliposhusha Gari

Nikisikia harufu ya chuma kinachokatwa na grainda, narudi uani kwetu Nyasubi, hapa Kahama, nimekalia tairi bovu, namwangalia Baba akiharibu gari. Nasema akiharibu kwa sababu ndivyo mtaa mzima ulivyosema. Kuandika siwezi sana, nitaeleza tu ninavyokumbuka.

Lilikuwa gari la spoti la zamani, jekundu, milango miwili. Baba alilinunua kwa mchuuzi wa dhahabu wa Geita, ambaye alikuwa amelitia springi ndefu ili lifike machimboni. Lilisimama juu kama korongo, na barabarani liliyumba. Siku ya kwanza tu Mama alitapika. Tangu hapo, tukienda kumwona Bibi Kolandoto, Mama alipanda basi. Baba hakulipita basi hilo hata siku moja. Mimi naye tulilifuata nyuma, tukivuta moshi wake mpaka Shinyanga.

Ndipo akamwita Fundi Masanja.

"Kaka, hapa Kahama wote wananiletea niinue," fundi alisema. "Wewe unashusha. Utapita wapi?"

"Barabarani."

"Barabara ipi?"

Vijana waliokuja kutazama wakacheka. Fundi akazichomoa springi, akakata kwa grainda mzunguko mmoja wa kila springi, akazirudisha. Jeki ilipoteremshwa, gari likakaa chini kama kuku anayeatamia.

Mama akatoka jikoni na ungo wake, akalizunguka. "Baba Shija, hili sasa ni gari au kobe?"

"Panda uone."

"Nitapanda. Nikishikwa na kichefuchefu nashuka, na sirudi humo."

Jumamosi tukaondoka watatu kwenda kwa Bibi. Kwenye tuta la kwanza Baba akasimama. "Shija, shuka, tupunguze uzito." Nikashuka, nikavuka kwa miguu, nikawangoja ng'ambo. Mama, ambaye kwa haki alituzidi uzito mimi na Baba tukijumlishwa, alibaki kitini. Tumbo la gari likakwaruza lami, sauti ya kutia ganzi meno.

"Si nishuke na mimi?" Mama aliuliza.

"Wewe kaa."

Basi ikawa hivyo kila tuta. Nilinuna. Mtu aliyenigombeza kwa kuegemea mlango wa gari, eti vifungo vya sketi vitaukwaruza, leo anakwaruza gari zima na hasemi kitu, na anayetembea ni mimi.

Nilikuwa mtu mzima ndipo nikawaza kwamba kwenye matuta ndiko mabasi hupunguza mwendo na kupakia watu. Nadhani Baba aliogopa Mama akishuka hatapanda tena. Huenda nakosea. Alipenda pia kusifiwa na vijana, hilo siwezi kulificha, na gari kweli liliharibika, mtaa ulisema haki. Ila nakumbuka tulipokaribia Shinyanga Mama alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea bega la Baba. Kwenye tuta la mwisho Baba hakusimama kabisa. Alilipita polepole, mimi nikiwa ndani, gari likilia chini yetu, na yeye bega lake hakulisogeza.