Mikono ya Korosho

Nikipita Kombani, kule kwetu pwani, nikakutana na moshi wa korosho zinazochomwa, hasira hunipanda mpaka leo. Wenzangu hununua. Mimi hupita zangu.

Mamangu alikuwa mchoma korosho. Baada ya zile mvua za El Nino kutuharibia shamba, hatukuwa na kingine. Kila alfajiri nilikaa naye uani tukibangua, na jamani, mla korosho hajui lile ganda lina mafuta gani. Yanaunguza vidole, yanaacha weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Huondoka ngozi yenyewe inapobambuka. Kwetu hata mtoto mdogo alilijua hilo.

Madamu wetu wa Kiingereza wa darasa la tano hakulijua. Alikuwa mgeni kutoka bara, na mvivu hakuwa, nimpe haki yake: alipenda kufundisha kwa mifano hai. Siku hiyo tulisoma kulinganisha sifa. Akawasimamisha wavulana watatu, mrefu, mrefu zaidi, mrefu kuliko wote, tukacheka sana. Kisha akapita akikagua mikono, akatutoa wasichana watatu mbele, akatuamuru tuinyoshe. Wa kwanza alikuwa na wino. Wa pili alikuwa na udongo. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Dirty, dirtier, dirtiest," akasema, fimbo yake ikitua kwangu. "Semeni."

Darasa zima likaitikia, likarudia mpaka akaridhika. Hiyo dirtiest ikawa ndilo jina langu, hadi kisimani.

Nyumbani nilisugua vidole kwa mchanga mpaka vikatoa damu. Mama akaniuliza nina nini, nikamweleza yote, na maana ya neno lenyewe nikampa: mchafu kuliko wote.

"Basi mwanangu, wewe shika kalamu," akasema. "Korosho niachie mimi."

Tangu hapo nikiamka nilikuta zote zimeshabanguliwa.

Nilisoma Kiingereza kwa chuki, na nikakiweza. Mwaka uliofuata, siku ya wazazi, nikaitwa mbele kupewa zawadi ya Kiingereza. Nikaangaza macho kwenye viti, mama hayupo. Nilimnunia vibaya sana. Nikamwambia mama za wenzangu wote walikuja, na yeye hakujitetea hata kwa neno moja.

Alifariki mwaka jana. Kwenye matanga, mama mdogo, nduguye aliyemfuata, akaniuliza kama naikumbuka siku ile ya zawadi.

"Tulikuja naye," akaniambia. "Tulipofika langoni, yule Madamu alikuwa amesimama anawapa wazazi mkono, mmoja mmoja. Mamako akaificha mikono yake ndani ya leso aliyojitanda. Akaniambia, mwanangu ameshatakata, nisije nikamchafua tena. Akageuka, akarudi."

Mimi weusi ulinitoka ngozi ilipobambuka, na lile jina wenzangu walilisahau. Kumbe mama alikuwa amelichukua yeye. Akakaa nalo miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa nimemnunia.