Fukusi Weupe wa Madale

Nimehamahama mno. Temeke, Tabata, Ukonga, kote niliacha kitanda na kuondoka bila kugeuka nyuma. Kilichonirudisha Madale ni migomba aliyoipanda marehemu mama, na shangazi alitaka kuing'oa ajenge vyumba vya kupangisha.

"Inaanguka yenyewe," alisema. "Fukusi wameimaliza. Unalilia magogo?"

Hakusema uongo. Wadudu wale walikuwa wametoboa mashina hadi upepo mdogo tu uliyalaza. Tukakubaliana: nikiwapunguza kabla ya mvua za masika, migomba inabaki. Nikishindwa, mafundi wanaingia.

Sumu sikutaka; kuku wanachakura pale pale. Nilinunua unga wa kuvu inayoua wadudu, nikaupaka kwenye vipande vya mgomba nilivyovipasua na kuvilaza chini, maana fukusi hufuata harufu yake. Sikuona hata mmoja aliyekufa. Nikarudi nilikoununua; dada wa duka la pembejeo hakunificha.

"Braza, kuvu hii jina ni moja, lakini vinasaba vinatofautiana. Hiyo asili yake ni kwenye baridi, joto la kwenu huenda limeishinda. Tafuta fukusi waliokufa hapo hapo wakaota ukungu mweupe. Kuvu ya hao imezoea joto."

Nikapekua majani yaliyooza mpaka nikawapata. Nikawaweka kwenye vipande vipya, vibichi, nikafunika kwa majani makavu. Kesho yake hapakuwa na kitu. Shangazi alikuwa amefagia na kuchoma vyote, kama anavyofagia uwanja kila alfajiri kabla ya chai.

"Shikamoo, shangazi. Umechoma dawa yangu."

"Marahaba. Nimechoma takataka. Mgeni akija ataona sie wachafu."

"Aone."

Akanitazama. Zamani ningefunga begi.

Nilipekua fukusi wengine wenye ukungu, nikatega upya, na alfajiri nikamtangulia, nikakaa kwenye kigoda katikati ya migomba. Akafagia akinizunguka, akinung'unika kwamba nimekuwa sanamu ya kufukuzia kunguru. Nilimwambia afagie hadi barabarani akipenda, ila hapa hapafagiliwi. Tukaendelea hivyo kila asubuhi.

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya, alichukua panga akapasua kipande kimoja mwenyewe, apate la kunisuta. Ndani fukusi walikuwa wamekauka, weupe, miguu imejikunja. Wachache walikuwa hai, sidanganyi. Alivigeuza na vingine.

"Vyumba nitajenga upande wa choo," akasema. "Lakini uchafu wako usivuke hapa." Akachora mstari ardhini kwa ncha ya panga.

Alipoingia ndani niliufuta, nikauchora upya, karibu kabisa na jiko lake.