Mchanga wa Mto Wetu

Lori limemwaga mchanga mbele ya nyumba ninayojenga mjini, na harufu yake mbichi imenirudisha kwenye ukingo wa mto wetu kule Mwala, nimeshika leso ya mama.

Akina mama wa mwethya, waliosaidiana kulima shamba la huyu leo na la yule kesho, walikuwa wamejenga ukuta wa mawe kukata mto. Wanaume walicheka kwamba mafuriko yangeubeba kama kapu. Mvua ikanyesha milimani, tukasikia ngurumo. Maji mekundu yakaja yakiviringisha magogo, yakaugonga ukuta na kuruka juu yake, nasi watoto tukapiga mayowe ya furaha. Ukuta haukutikisika.

"Waiteni wale wa kapu waone," jirani mmoja akasema, na akina mama wakacheka hadi wakashikana.

Kiangazi kilipofika, mto ukakauka. Nyuma ya ukuta kulibaki mchanga mtupu, na ng'ombe wetu walikuwa wakilia kwa kiu.

"Mama, maji yametoroka."

"Chimba, wewe."

Nikachimba kwa mikono, haraka haraka. Mchanga ukawa baridi, kisha shimo likajaa maji safi. Nikalala kifudifudi nikanywa, nikicheka na kupaliwa.

"Huu mchanga ndio tangi letu," mama akasema. "Ukiondoka, na sisi tutahama."

Nimechota konzi moja ya mchanga wa lori. Bado ni baridi.

"Huo ni wa Mwala, mzee, safi kabisa," dereva ananiambia. "Umebaki kidogo tu kule. Nikuletee lori lingine?"