Fundi wa Maji Moto na Ghorofa Ambayo Haijajengwa

Jua linachomoza juu ya vilima vya Karak, na juu ya paa la nyumba moja Ghusun Maaita anafunika vioo kwa blanketi.

Anavifunika taratibu, kama mama anayemfunika mtoto aliyelala. Chini ya blanketi kuna safu ya mirija ya kioo, mirefu na myeusi, ambayo kazi yake ni kupasha maji kwa jua tupu. Bado haijatiwa maji. Mirija mikavu ikipigwa na jua huwaka, na maji baridi yakiingia ghafla, yote hupasuka.

"Rudaina, kona ile umeiacha uchi," anasema bila kugeuka.

"Nimeiona," anajibu Rudaina, binamu yake na mshirika wake wa kazi. "Mume wangu hajawahi kufunikwa vizuri namna hii."

"Mumeo akipasuka silipishwi mimi."

Wanacheka, kisha wanarudi kwenye spana zao. Leo ni siku ya maji. Mtaa huu hupata maji ya bomba mara moja kwa wiki, na kila nyumba hujaza tangi lake la juu kwa siku saba zijazo. Mafundi wasipomaliza kufunga mabomba kabla maji hayajakatwa, mirija itakaa mikavu wiki nzima chini ya blanketi, na mwenye nyumba atakaa wiki nzima na birika lake.

Birika hilo ndilo lililowaleta hapa. Nyumba ni ya Hajja Wadha, mjane anayeishi na binti yake Fidda, mshonaji katika kiwanda cha nguo. Hita yao ya umeme huwashwa Alhamisi tu, kwa sababu majira ya baridi ilikuwa ikila robo nzima ya mshahara wa Fidda. Siku nyingine maji ya kutawadha na kuoga huchemshwa juu ya jiko la mafuta ya taa lililo katikati ya chumba.

Baridi iliyopita Fidda alikuwa kazini pale birika lilipomponyoka mama yake. Hadi leo Hajja huvaa soksi mbili kwenye mguu wa kushoto, ngozi isiguswe na kitu.

"Nilirudi nikamkuta amekaa, mguu ndani ya beseni," anasimulia Fidda. "Hakuniambia ameungua. Aliniuliza nimekula nini. Zamu yangu ya upatu ilipofika, wenzangu waliuliza, utanunua dhahabu? Nikasema, nanunua jua."

Ghusun, ambaye mtaani wanamwita Umm Sanad kwa jina la mwanawe wa kwanza, ana umri wa miaka arobaini na mmoja na watoto watatu. Ufundi bomba aliuanza kwa hasira. Bomba la jikoni kwake lilipasuka wakati mumewe, dereva wa lori, yuko Akaba. Fundi aliitwa, akafika, akasimama mlangoni. Hakukuwa na mwanamume ndani, hivyo hakuweza kuingia.

"Alikuwa mtu wa adabu, masikini," anasema Ghusun. "Anatazama chini, ananiomba radhi. Yeye kasimama na adabu yake, mimi nimesimama na ndoo yangu, magodoro yanaogelea. Nikasema moyoni, hapa pana kazi ya mwanamke."

Kituo cha kina mama cha mjini kilipotangaza mafunzo ya ufundi, alikuwa wa kwanza kufika. Shemeji zake walimcheka. Leo ndio wanaompigia simu sinki likiziba. Siku hizi kazi yake kubwa ni hizi hita za jua, kwa kuwa umeme umepanda na mtungi wa gesi nao umepanda, lakini jua la Karak bado halijapandishwa bei na mtu.

Kwa kila hita moja, akishamlipa Rudaina na gari la kubebea, hubaki na dinari hamsini hivi. Majira ya joto simu hukauka. Watu hukumbuka maji moto siku ya kwanza wanapotoa ukungu mdomoni.

Kuna swali moja ambalo Ghusun huuliza kabla ya kupanda ngazi yoyote: juu ni pa nani? Nyumba nyingi hapa huachwa na nondo zimechomoza juu ya nguzo, kwa sababu ghorofa inayofuata ni ya mtoto wa kiume atakayeoa. Mwaka wake wa kwanza hakuuliza. Alifunga hita mahali penye jua zuri kuliko pote, na kabla ya mwaka kwisha bwana harusi aliing'oa ili ajenge. Mirija ikaishia jaani.

Fidda alipoulizwa alisema, "Si pa mtu." Alisema akitazama pembeni.

Sasa hita, na pipa lake la maji juu ya mirija, imesimama katikati ya paa, miguu yake ya chuma imeshakazwa kwa boliti, na pembeni nyuzi za bamia za Hajja zinakauka kwenye kamba. Ndipo inasikika fimbo kwenye ngazi. Inagonga, inapumzika, inagonga tena.

"Mama!" Fidda anakimbilia mlangoni. "Magoti yako!"

Hajja Wadha hajapanda huku kwa zaidi ya mwaka. Fidda ndiye humpandishia bamia. Anashika mlango, anavuta pumzi, anaitazama hita juu mpaka chini.

"Nani kawaambia muiweke hapo?"

"Hapa ndipo penye jua, khala," anajibu Ghusun kwa upole, akimwita mama mdogo kama ilivyo heshima.

"Jua liko kila mahali. Hapo ni sebule ya Nayef."

Nayef ni mwanawe wa pekee. Yuko Kuwait.

"Mama," anasema Fidda, "Nayef ana miaka kumi na moja kule. Mke yuko kule. Watoto wanasoma kule."

"Na ghorofa yake iko hapa."

"Ghorofa gani? Hizi nondo zenye kutu?"

"Kutu hupigwa brashi!" Hajja anagonga fimbo sakafuni. "Ukiliweka pipa hili katikati ya sebule ya mwanangu, mtaa mzima utajua nimemkatia tamaa. Nikisikia mtu anamuuliza, kwa nini mama yako kaijaza nyumba yako mapipa, nitajibu nini? Literemsheni. Nitachemsha maji yangu kama zamani."

Kutoka paa la jirani, Abu Mutib, mzee anayefuga njiwa, anachungulia juu ya ukuta.

"Hajja, mwenye kuja angeshakuja! Acha wanawake wakufungie maji uoge!"

"Wewe nyamaza, mfuga njiwa! Wafuga njiwa husemwa ni waongo, ushahidi wenu hata kadhi haukubali, leo unakuja kunihukumia mimi!"

Abu Mutib anacheka, anarudi kwa njiwa wake. Lakini Fidda amegeukia ukutani na mabega yake yanatikisika. Fedha zote za upatu ziko katika kile chuma.

Wakati huohuo bomba la chini linakohoa, hewa inatoka, kisha maji yanaanza kupanda kwenye tangi. Saa za maji zimeanza kuhesabika.

"Ningeweza kusema nimeshatoboa, nimeshalipwa," Ghusun alieleza baadaye. "Na Fidda alikuwa na haki. Ule mguu niliuona. Lakini niliwaza, nikishinda kwa ubishi, huyu mama hatafungua ile koki hata siku moja. Ataoga maji baridi kwa ajili ya mwanawe mpaka baridi imuue."

Anaweka spana chini na kujifuta mikono.

"Khala, nionyeshe nyumba ya Nayef."

Hajja anamtazama kama anayetafuta mzaha usoni mwake. Haupo. Anaanza kutembea, polepole, fimbo ikichora mistari vumbini.

"Mlango huu hapa, ufungukie upande wa kibla. Sebule, mpaka kule. Yeye ana wageni wengi. Hapa jiko, mkewe aone barabara akipika, asichoke. Hapa chumba chao. Hapa watoto. Na huku mwisho," anaelekeza upande wa kusini, "roshani wazi, wanywe chai jioni."

Ghusun anamfuata na kipande cha chaki, anachora kuta. Rudaina anachora milango. Baada ya muda mfupi paa zima limekuwa nyumba, na Fidda amegeuka, anatazama.

"Na bafu?" anauliza Ghusun.

Hajja anasimama. "Bafu..."

"Nayef hataoga?"

"Ataoga! Mwanangu msafi." Anazunguka, anatafuta, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Miaka yote hii namjengea kichwani, nimemsahaulia bafu!"

"Sasa sikiliza, mama yangu. Bafu linakaa juu ya bafu la chini, mabomba yafuatane. Kwa hiyo ni hapa. Sisi tunahamisha hita tunaiweka kwenye roshani, upande wa kusini. Jua la kutosha. Bomba la maji moto tunalipitisha hapa bafuni kwa Nayef, tunaacha mdomo wenye kizibo. Na viungo vyote tunatumia vya kufungua kwa spana. Siku akijenga, hita inapandishwa juu ya ghorofa yake bila kukata kitu. Humfungii mlango. Unamtangulizia maji."

Hajja anaufuata mchoro wa chaki kwa ncha ya fimbo, kutoka bafuni mpaka kwenye roshani.

"Wekeni," anasema Hajja.

Kazi ya kuhamisha ni nzito na haina mapambo. Wanafungua boliti, wanaziba matundu ya zamani kwa lami, wanabeba tangi la hita watu watatu, Fidda akiwa wa tatu na nguo zake za kiwandani. Abu Mutib anapiga kelele kwamba wameiinamisha. Rudaina anamwambia aende akawainamishe njiwa.

Ghusun anapofika kwenye bomba la bafu, Hajja, ambaye ameletewa kiti na glasi ya chai ya majani ya meramia, anamgusa bega kwa fimbo.

"Weka na mdomo mwingine."

"Wa nini, khala? Nayef ataoga mabafu mawili?"

"Wa Fidda."

Spana inasimama hewani. Fidda ameshika ncha ya blanketi, hajui aiweke wapi.

"Mama, mimi niko chini na wewe."

"Chini ni pangu, nami sitakaa milele. Nikiondoka, utakaa kwa nani, kwa wifi?" Hajja ananyoosha mkono. "Nipeni hiyo chaki. Nayef anakuja mara moja kwa miaka miwili, sebule yote hii ya nini?"

Anainuka, anainama kwa shida, na yeye mwenyewe anachora mstari katikati ya sebule ya mwanawe.

Adhuhuri tangi la juu limejaa. Ghusun anafungua koki kidogokidogo, anasikiliza maji yakishuka ndani ya mirija mmoja baada ya mwingine, mkono wake juu ya blanketi kama daktari aliyeweka mkono kifuani mwa mgonjwa. Hakuna kioo kinacholia. Anavuta blanketi.

Alasiri, kabla ya sala, Hajja Wadha anafungua koki ya bafuni. Hatoki kwa muda. Fidda anagonga mlango kwa wasiwasi, na jibu linatoka ndani: "Niache kidogo! Naoga kama bibi harusi!"

Anapotoka, soksi zote mbili ziko mkononi. Anapiga simu Kuwait, na sauti yake inajaza nyumba. "Bafu lako lina maji moto, baba. Kilichobaki ni nyumba. Lakini nimekumegea sebule, nusu ni ya dada yako. Umesikia? Usibishe, chaki imeshapigwa."

Upande wa pili mtu anacheka, kisha haijulikani kama bado anacheka.

Kabla mafundi hawajafunga mifuko yao, Abu Mutib ameteremka kuuliza bei, kwa niaba ya mkewe, anasema. Ghusun anamwambia atakuja kesho, mradi mkewe ndiye atakayeonyesha mahali.

Mipango yake si mikubwa. Anataka kununua gari dogo la mizigo, hata kuukuu, aache kukodi. Anataka kina mama wa mtaa huu wajifunze kazi hii kabla mvua hazijaanza, na Fidda ameshamuuliza kama wanapokea watu siku za Ijumaa.

Lakini kuna kazi moja anayoiombea kuliko zote, na hajui itakuja mwaka gani.

"Naomba siku moja nipigiwe simu, niambiwe, Umm Sanad, njoo uipandishe hita, ghorofa imekwisha," anasema, akijipangusa lami vidoleni. "Nitakuja na spana yangu, nifungue vizibo vile viwili. Halafu niweke spana chini, nigonge mlango kama watu wengine, ninywe chai juu kule. Mgeni wa Fidda."