Nilitunisha Misuli kwa Maziwa ya Mwanangu, Akasingiziwa Mamake

Nianze na lile zito, maana nikilizunguka nitalikimbia tena: nilimwibia mwanangu chakula, kisha nikamwacha mamake abebe lawama. Nimekaa na jambo hili miaka kumi na saba. Nyinyi nawaambia kwa sababu hamnioni uso.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa kibarua bandarini, na kwangu kulikuwa Magogoni. Kubeba magunia kulinipa mabega, na mabega yakanipa wazimu! Nikajiunga na wenzangu waliokuwa wakipiga vyuma nyuma ya gereji moja pale Kisauni. Vyuma vyenyewe vilikuwa mikebe ya rangi iliyojazwa simiti na kuunganishwa kwa bomba. Lakini tukijitazama kwenye kioo cha gari bovu, kila mmoja alijiona mfalme.

Kocha wetu alishikilia kwamba misuli hujengwa jikoni. Tule mayai mabichi, maini, pojo na samaki mkavu wa ng'onda. Tena alitukataza wake zetu miezi mitatu kabla ya mashindano, ati nguvu zisipotee. Nilimtii kama mwanafunzi wa chuo. Nikahamishia mkeka wangu ukumbini, mke wangu nikamwacha chumbani na mtoto.

Katika kikundi chetu mlikuwa na baharia. Siku moja alirudi safari na kopo la unga wa protini kutoka Ulaya, akatugawia. Wiki tatu tu, nikaona kifua kimepanda! Pengine yalikuwa macho yangu. Kopo likaisha, nami nikabaki na uchu ule ule wa mtu aliyeachishwa sigara.

Basi nyumbani tulikuwa na mtoto wa kike wa miezi tisa. Alikuwa ametoka kuugua surua, kabaki mifupa na macho. Kliniki walimpa mke wangu, nitamwita Riziki, makopo ya maziwa ya unga ya kumrudishia mwili, ayakoroge kwenye uji mara tano kwa siku. Nikalibeba kopo moja tupu hadi kwa yule baharia. Akasoma maandishi, akacheka.

"Ni yale yale, bwana! Tena haya yana nguvu zaidi."

Ningeweza kumlaumu yeye, lakini kijiko kilikuwa mkononi mwangu.

Nilikuwa nikitoka kazini saa nane mchana. Saa hizo Riziki huwa kwenye foleni ya maji, mtoto mgongoni. Nami najifungia na kopo. Vijiko vinne, kisha sita, kisha sikuhesabu tena. Niliyala makavu, yakanigandia kwenye ufizi. Ili pengo lisionekane nikajazia unga wa ngano. Baba mzima! Naangalia mlango kama paka aliyeiba samaki.

"Maziwa haya siku hizi yafanya madonge," Riziki akaniambia siku moja.

"Mwambie nesi," nikamjibu, na nikatoka kwenda mazoezini.

Mtoto hakuongezeka. Kila akiwekwa kwenye mizani, mshale wasimama pale pale. Nesi alimgombeza Riziki mbele ya akina mama wenzake, akamuuliza kama maziwa yale anayauza. Alirudi nyumbani analia. Mimi nilikuwa nimepaka mafuta ya nazi, najitazama mikono.

Hapo ndipo mama yangu mzazi akaja kutujulia hali. Akamshika mjukuu wake, akamwinua kidogo, akamrudisha. Akaniita kando.

"Mwanangu, mtoto huyu kabemendwa."

Kwa asiyejua: kwetu husemwa kwamba mtoto anyonyaye hudhoofu mmoja wa wazazi akitoka nje ya ndoa. Ndiko kubemenda. Ukishasemwa hivyo mtaani, huna pa kujificha.

"Na wewe je?" akaniuliza. "Niambie kweli, mimi ndimi mamako."

"Mimi, mama? Mimi niko kwenye mazoezi. Hata kwa mke wangu sifiki, mwezi wa pili huu."

Nilisema kwa majivuno! Nilidhani najisafisha. Kumbe nimemfungia Riziki mlango wa mwisho, maana mama aliniangalia, kisha akaangalia chumbani, akasema polepole, "Basi muulize mkeo yuwapita wapi akienda majini."

Riziki aliitwa. Alisimama na mtoto begani.

"Wallahi, mama, simjui mwanamume mwingine. Niletee Msahafu niushike."

Kisha akanigeukia mimi. Hakuniomba chochote kwa maneno. Alinitazama tu, mimi mumewe, nimtetee.

Ningesema neno moja tu yangekwisha pale pale. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Kama si hilo, mtoto amepatwa na nini?"

Ee Mola! Sauti ile naisikia mpaka leo.

Wiki iliyofuata nilimwandikia talaka. Akavuka kwenda kwao Likoni na mtoto na bahasha ya kadi ya kliniki. Mashindano yalifanyika ukumbi mmoja wa Changamwe. Nilitoka wa nne. Tulikuwa sita.

Haikupita miezi miwili, mtoto akanenepa huko Likoni, mashavu hayo! Na watu wa Magogoni wakapata la kusema: "Mwaona? Kaacha mchezo wake, mtoto kapona." Uzima wa mwanangu ukawa ushahidi dhidi ya mamake. Nami nilikuwa nikiyasikia barazani, nikinywa kahawa.

Riziki alimtuma kakake kwangu mara moja tu, na maneno machache: "Kopo huku ladumu wiki mbili, na halina madonge." Nikajua amejua. Nikangoja anianike. Hakunianika. Alinyamaza, nami nikaushukuru unyamavu wake kama mwoga nilivyo. Hata kumrejea sikumrejea, eda ikaisha.

Mwaka huu binti yangu amepata mchumba, kijana mpole wa Mikindani. Wakwe wakafanya kama ilivyo ada, wakatuma wanawake wao kupeleleza ukoo. Walifika Magogoni, kwenye mtaa wangu wa zamani. Mtaa haujasahau kitu.

Binti yangu alinijia siku ya pili. Alikataa kukaa.

"Baba, watu wa Mikindani wamerudisha nyuma posa. Wasema mamangu alinibemenda. Alifanya nini mamangu?"

Nikamwambia. Kopo, kijiko, unga wa ngano, yote. Nilitarajia anitukane. Aliniuliza swali moja:

"Mama alijua?"

"Alijua."

Alijifunika buibui lake vizuri. "Si mimi wa kuambiwa haya, baba. Uliyemwambia uongo ni bibi. Na mtaa."

Nilikwenda kwa mama yangu siku hiyo hiyo, naye sasa ni mzee, haoni vizuri. Nilipomaliza kusema, alishika kichwa. "Nimemla nyama mtoto wa watu! Nitamjibu nini Mungu wangu?" Akadai nimpeleke Likoni papo hapo.

Riziki alifungua mlango. Ana mvi sasa. Mama alitaka kupiga magoti, Riziki akamwahi, akamshika mikono. "Shikamoo, mama. Pita ndani, jua kali." Akamwekea kiti, akamletea maji.

Mimi nilibaki nje. Hakunifukuza. Aliegesha mlango tu, taratibu, kama ambavyo ungeuegesha kama nje hakuna mtu.

Kwa wakwe wa Mikindani nimekwenda mwenyewe, nimesema mbele ya wazee wao. Wamesema watafikiri. Bado wanafikiri.

Enyi vijana mnaopiga vyuma, kuleni mnachokitafuta kwa jasho lenu, na chakula cha mtoto msikiguse hata kwa ncha ya kijiko! Mwili niliojenga ulinywea ndani ya mwaka mmoja. Na wewe unayejua ukweli huku mwenzio anasingiziwa, usijidanganye kwamba utasema kesho. Mimi nilisema kesho, na ile kesho imemkuta mwanangu kwenye posa yake.