Bingwa wa barafu anayesubiri kunyanyuliwa tena

Ni Ijumaa asubuhi mjini Perm, Urusi, jua la Septemba bado linajivuta, na Taisia Vedernikova yupo hewani. Hewani kidogo tu. Mwenzake, Rodion Shubin, amemshika kiunoni, amemfikisha usawa wa bega, kisha amemrudisha kwenye barafu haraka kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Barafu ya leo mbaya," Rodion anasema.

"Jana viatu, leo barafu," Taisia anamjibu. "Kesho utasema nimenenepa, na hapo ndipo tutakapogombana."

Pembeni, kocha wao, Nina Arkadyevna, anazima muziki. Hasemi neno. Wanaomfahamu humwogopa zaidi akinyamaza.

Taisia ana miaka ishirini na tisa, na tangu utotoni hajawahi kuteleza na mwingine. Yeye na Rodion walitwaa ubingwa wa Urusi wa kuteleza wawili wawili, binti akizungushwa juu kabisa ya kichwa cha mwenzake kwa mkono mmoja, ukumbi mzima kimya. Wengi hudhani ni mume na mke.

"Mume ningeshamfukuza," anasema akicheka, akimtaja Rodion kwa jina la utani. "Rodya nimemzoea."

Majira ya baridi yaliyopita, wakiwa mazoezini, kiatu cha Rodion kilinasa kwenye ufa, Taisia akaanguka kutoka kule juu. Mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, ukavunjika. Mfupa umeshaunga, naye haogopi kitu. Anayeogopa ni Rodion. Mikono yake ikifika usawa wa bega inagoma.

Na muda umewaishia. Kocha ametamka kwamba mwisho ni Jumatatu. Wasipoweza, Taisia atapewa mwenzake mpya, kijana kutoka Kazan, na Rodion ameshasema kwamba hapo ataacha mchezo.

"Nilimwambia kocha, huyo kijana mpe mwingine," Taisia anasimulia. "Lakini nimfanyeje Rodya? Nimemwambia 'usiogope' mpaka mdomo umechoka."

Jumapili walikwenda kuchimba viazi kwenye dacha, nyumba ndogo ya shamba, ya mama yake Taisia, kama kila mwaka. Mama huyo, Galina Stepanovna, ni mpishi wa shule aliyestaafu, mwenye mwili wa kutosha na maneno ya kutosha. Zamani Rodion alimwita mama. Tangu ajali ile anamwita kwa jina lake na la baba yake, kama mtu aliyekwenda ofisini kuomba kibali, na mama naye hamwambii kitu zaidi ya kumsogezea bakuli la supu ya kabichi.

Viazi vikaisha. Yakabaki matofaa ya juu mtini, na ngazi ilikuwa imeoza. Galina Stepanovna akamtazama Rodion juu mpaka chini.

"Si wewe ndiye bingwa wa kunyanyua? Haya, ninyanyue nichume."

Rodion akabadilika rangi. "Galina Stepanovna, mimi... siwezi."

"Kwani nimekuuliza kama unaweza?" Mama akakaza aproni yake. "Na ukiniangusha, supu huli."

Taisia alibaki ameduwaa na ndoo yake. Rodion akapiga goti, mama akampanda mabegani huku amemshika nywele, na mtoto wa watu akasimama naye. Mama hakuwa na haraka hata kidogo. Alichuma yaliyoiva, akachuma mabichi, akachuma na yenye funza.

"Nilikukasirikia, mwanangu," akasema akiwa huko huko juu. "Nilikukasirikia sana. Nikisali nilikuwa naruka jina lako. Sasa yameisha. Sogea kushoto, kuna jingine."

"Sawa, mama," Rodion akasema, akasogea. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mikono yote miwili ilikuwa imemshika mama, hana wa kuyafuta. Taisia anakiri kwamba naye alilia, akacheka, akamwaga ndoo nzima.

Jumatatu uwanjani hakuna aliyeligusia jambo hilo. Muziki ukaanza. Rodion akamshika kiunoni, Taisia akapita bega, akapita kichwa, mkono wa Rodion ukanyooka na ukatulia. Wakazunguka hivyo uwanja mzima.

"Taisia!" kocha akapiga kelele. "Huo mguu mbona umelegea kama tambi?"

Kwa Nina Arkadyevna, hiyo ni sherehe. Habari za kijana wa Kazan hazikutajwa tena.

Huu ndio msimu wa mwisho wa Taisia. Baadaye atafundisha watoto wadogo, kazi ambayo tayari anaifanya jioni. Kabla ya hapo, mwezi Desemba, wataingia tena mashindano ya taifa.

"Medali ikija, karibu. Isipokuja, sitalia," anasema akifungua kamba za viatu. "Ile siku niliondoka uwanjani kwa machela, yeye amesimama peke yake pale katikati, ameziba uso. Sitaki tuishie pale. Siku ya kuaga nataka anishushe yeye mwenyewe, polepole, watu wote wakiona."