Rubani Tangazo Aenda Kujadili Mishahara

Rubani huyu kazini walimwita Tangazo, na jina hilo alilichuma kwa jasho la ulimi wake. Ndege ikishatulia angani, wenzake huwaambia abiria hali ya hewa na saa ya kufika, basi. Yeye alieleza mto unaoonekana upande wa kushoto, aina za mawingu, na siku bibi mmoja alipotaka kupanda na jogoo. Waliolala waliamka, na walioamka walitamani kulala tena.

Basi biashara ilipodorora, ndege nne zikaegeshwa huku injini zikiwa zimefungwa maturubai, na shirika likatangaza kukata mishahara ya marubani kwa asilimia arobaini. Chama chao kikahitaji msemaji. Hata kura haikupigwa. Vidole vyote vilimwelekea Tangazo.

Akaandika hotuba ya kurasa kumi na moja, akamsomea mkewe aliyekuwa dukani kwake akikunja vitambaa. Kufika ukurasa wa tatu, mke akamkatiza.

"Baba watoto, unataka kuwashinda au kuwalaza?"

"Hizi ni hoja, mama!"

"Miaka ishirini nauza vitambaa. Mteja anayenitoa jasho si yule mwenye maneno. Ni yule ninayemtajia bei, akatazama kitambaa, akanyamaza. Najikuta nashusha mwenyewe. Sema mara moja mnachotaka, kisha ufunge mdomo."

"Nikishindwa kunyamaza?"

"Kunywa maji."

Asubuhi ya mkutano aliketi na wenzake wawili kwenye meza ndefu. Ng'ambo walikaa mkurugenzi, mwanasheria wake, na karani mwenye kompyuta. Tangazo akasema, "Tutakubali kupunguziwa kumi na tano. Asiachishwe kazi mtu, na mishahara irudi abiria wakirudi." Akafunga mdomo. Maneno yalimsukuma kwa ndani kama mahindi kwenye mlango wa ghala.

Mkurugenzi alilia kuhusu mafuta, akalia kuhusu vipuri, akamaliza kwa kusema, "Haya, thelathini na tano."

Tangazo akanywa maji. Wenzake wakatazamana, walidhani anaumwa.

"Thelathini, basi."

Bilauri ya pili, ya tatu. Mkurugenzi akaanza kuingiwa na wasiwasi. Mtu mwenye domo kama lile akinyamaza, lazima ana jambo.

"Ishirini na tano, na sishuki tena!"

Bilauri ya nne. Ya tano. Hapo kibofu kikakataa katakata. Tangazo alijikaza, akabana magoti, mwisho akasimama ghafla na kuelekea mlangoni kwa hatua fupi fupi za haraka.

"Wanagoma!" mwanasheria akanong'ona.

Mkurugenzi akaruka kitini. "Kapteni, ndugu yangu, usitoke kwa hasira! Kumi na tano! Na mishahara itarudi!"

Tangazo aligeuka, mkono kwenye kitasa, jasho likimtiririka. "Na kuachisha watu?"

"Haachishwi hata mmoja!"

"Iandikwe," alisema kwa sauti nyembamba, akatoweka.

Aliporudi uso umemtulia, karatasi ilikuwa tayari. Akaisoma mstari kwa mstari. Penye kurudisha mishahara palisema "hali ikiruhusu."

"Hali ya nani?" akauliza. "Andikeni viti. Viti saba katika kila kumi vikijaa kwa miezi mitatu mfululizo, mishahara inarudi." Walivutana kwa saa nzima, kisha wakaandika, wakatia sahihi.

Ilikuwa miezi migumu. Wapo waliouza magari, na Tangazo mwenyewe aliahirisha kuezeka upya nyumba iliyokuwa ikivuja. Lakini hakuna aliyeachishwa. Mwezi wa kumi na sita tangu watie sahihi, viti vilitimia, na mkurugenzi, alipoonyeshwa kile kifungu, hakuwa na pa kutokea.

Siku mishahara kamili ilipoingia, rubani mgeni kuliko wote, binti aliyekuwa na miezi saba tu kazini mambo yalipoharibika na ambaye angeachishwa wa kwanza, alimpigia mama yake simu kwenye chumba cha mapumziko cha marubani, kisha akampa Tangazo azungumze naye. Mama yule alimwombea heri yeye, mkewe, watoto wake, na kila skrubu ya ndege yake. Tangazo akaitikia amina kwa kila moja, akashika kofia yake, akaenda kurusha ndege iliyojaa hadi kiti cha mwisho.